Kwilti ya Viraka: Chagua Ukuta Kabla ya Kushika Mkasi

Kabla hujakata kipande cha kwanza, chagua ukuta. Najua wengi tunaanza na mkasi, maana mfuko wa mabaki ya vitambaa ndio unaotukodolea macho kila siku. Lakini kwilti niliyoishona kwa mkono, yaani tandiko la tabaka tatu (sura ya viraka juu, pamba katikati, nguo ya nyuma), ambayo sasa iko sebuleni kwangu, imenionyesha kwamba karibu kila uamuzi mgumu wa kazi hii unarudi kwenye swali moja: itakaa wapi? Ya kitandani itafuliwa, itavutwa, itarukiwa na watoto, kwa hiyo inataka vitambaa vyenye nguvu na mishono iliyokazwa. Ya ukutani haitafuliwa ovyo, ila itabeba uzito wake yenyewe usiku na mchana, na mwanga utaila polepole. Ukubwa, unene, hata aina ya pamba ya katikati hutegemea jibu hilo. Mimi nilipima ukuta kwanza, nikaamua sentimita 150 kwa 150, na uamuzi huo uliniokoa mara nyingi baadaye nilipotamani kuongeza safu moja tu, kisha nyingine.

Mabaki yangu yalikuwa ya kawaida: mashati, mashuka, pazia moja, sare za shule zilizombana mwenyewe, na vipande vya vitenge vilivyobaki kwa fundi. Shati la mtu mzima lina mali mgongoni na kwenye mikono. Kola, vikwapa na ncha za mikono ziache, zimeshachoka. Kila kitambaa kiinue mbele ya dirisha. Ukiona mwanga unapenya kwa mabaka, nyuzi zimeisha hapo. Kisha kishike kwa vidole gumba viwili ukivute kwa nguvu ya wastani. Kikitoa mlio wa kuchanika, hata mdogo, kitupe bila huruma, kwa sababu kung'oa kiraka kimoja kilichokwisha kuzungukwa na vinane ni adhabu. Fulana zinavutika na zitakupindia mistari. Jinzi nzito ukiichanganya na pamba nyepesi, jinzi itaikata ile nyepesi kwenye mshono baada ya muda. Kwa kwilti ya kwanza, baki na pamba za uzito unaokaribiana.

Fua vyote kabla ya kukata. Pamba mpya hurudi, yaani husinyaa, na rangi nyekundu iliyoiva au bluu ya nili huchuja. Loweka kila kitambaa unachokishuku peke yake pamoja na kipande kidogo cheupe. Cheupe kikitoka na rangi ya waridi, rudia. Kulikuwa na nyekundu moja iliyoendelea kuchuja kila nilipoiloweka. Ilikuwa nzuri kuliko zote mfukoni, na niliiacha nje nikiwa nimenuna.

Nguo za watu wa familia ni habari nyingine. Omba ruhusa kabla ya mkasi, hata kama nguo iko kabatini kwako na hakuna aliyeiulizia kwa miaka. Nilikuwa na gauni la marehemu mama, la maua ya zambarau, na nilimpigia simu mdogo wangu wa kiume kumweleza.

"Dada, kata mengine yote," akasema. "Hilo liache."

Tukanyamaza wote wawili. Sikubishana naye, ingawa nilishajipangia maua yale yakae katikati. Baada ya siku chache alinipigia mwenyewe, tukakubaliana nichukue mkanda tu. Nilipoufumua niliona jambo ambalo sikulitegemea: ulikuwa umekunjwa mara mbili, na upande wa ndani, ambao jua halikuwahi kuufikia, zambarau ilikuwa bado imekolea kama siku gauni liliponunuliwa. Upande wa nje ulikuwa umefifia hadi kijivu. Kwa miaka yote ile nilidhani ile kijivu ndiyo rangi yake. Mkanda ulinipa viraka vichache. Ilibidi niviunge kwa nusunusu kwa sababu ulikuwa mwembamba, na hivyo viraka vyenye mshono katikati ndivyo ninavyovipenda zaidi.

Sasa hesabu, ambayo wanaoanza huikwepa. Kiraka kimoja kinahitaji ziada ya milimita 6 kila upande ya kushonea, na ziada hiyo haionekani tena kwilti ikiisha. Ukitaka kiraka kinachoonekana sentimita 5, unakata 6.2, na zaidi ya theluthi moja ya kitambaa chako inaingia ndani ya mishono. Kwa sentimita 7.5 unakata 8.7, na kinachopotea ni kama robo. Kwa 10 unakata 11.2, na kinapotea kama moja ya tano. Mabaki ni machache, kwa hiyo tofauti hiyo inauma. Inauma zaidi mkononi. Kwilti ya sentimita 150 kila upande yenye viraka vya 7.5 ina viraka 400 na mishono ya jumla ya mita 57. Ukishusha viraka hadi sentimita 5, vinakuwa 900 na mishono inafika mita 87. Kwa michomo mitatu ya sindano kwa kila sentimita, zile mita 57 peke yake ni zaidi ya michomo 17,000, na hapo hujagusa tabaka za chini. Nilichagua 7.5 na sijawahi kujuta.

Kuna anayesema mabaki ni bure. Vitambaa vya juu, sawa. Lakini pamba ya katikati, kitambaa cha nyuma kinachozidi kwilti kwa sentimita 8 hadi 10 kila upande, uzi mzuri wa pamba na fimbo ya kutundikia vyote hununuliwa, na kwa pamoja vilinigharimu kuliko nilivyomwambia mtu yeyote nyumbani. Nguo ya nyuma unaweza kuokoa kwa kutumia shuka la zamani, ila epuka mashuka yaliyofumwa kwa nyuzi nyingi zilizobanana. Sindano ya mkono inapita kwa shida na kidole kinalipa.

Sindano za mkono, namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba. Kwa kuunga vipande nilitumia ndefu nyembamba, namba 9 na 10. Kwa kushona tabaka tatu pamoja kuna sindano fupi na ngumu zaidi, na ukishaizoea hutarudi kwenye ndefu. Uzi uwe wa pamba, wa urefu wa kama sentimita 45, kutoka kwenye ncha za vidole hadi kwenye kiwiko. Mrefu zaidi ya hapo unajisokota, unachakaa kila unapopita tunduni, na ule muda uliodhani unauokoa kwa kutotunga uzi mara kwa mara unaishia kwenye kufumua mafundo. Vaa kastabini kwenye kidole cha kati hata kama mwanzoni unajiona kituko. Niliivumilia kwa shingo upande hadi ngozi ya kidole iliponilazimisha kuipenda.

Kata kigezo cha kadibodi cha ukubwa kamili wa kiraka kitakavyoonekana. Kiweke upande wa nyuma wa kitambaa, kingo zikifuata mwelekeo wa nyuzi, chora kwa penseli, kisha kata milimita 6 nje ya mstari. Ziada ikizidi au kupungua kidogo haidhuru, kwa sababu unashona juu ya mstari wa penseli na si kwa kukisia kutoka ukingoni. Hiyo ndiyo raha ya mkono ambayo cherehani haina. Weka vipande viwili vikitazamana uso kwa uso, choma pini kwenye kona ya huku itokee kwenye kona ya kule, kisha piga bandi ndogondogo, na kila baada ya chache rudisha sindano nyuma mara moja ili mshono ukaze. Anzia kwenye kona ya mstari na uishie kwenye kona ya mstari. Usishone hadi ukingo wa kitambaa.

Sababu ya kuishia hapo inaonekana vipande vinne vinapokutana. Ukifika kwenye kona, ziada zote za mishono ziko huru, hazijashonewa chini. Unapitisha sindano katikati yake, kutoka upande mmoja hadi wa pili, unavuta uzi taratibu, na tundu dogo lililokuwa katikati linajifunga. Geuza kazi upande wa nyuma, lazia zile ziada zote zifuate mwelekeo mmoja wa mzunguko, na katikati patafunguka kipangaboi kidogo kabisa cha kitambaa, pande nne, kila moja ikilala kivyake. Unene unagawanyika, kona inakaa bapa, na pasi ikipita hapo haikwami. Mara ya kwanza kona ilipokaa hivyo nilimwita kila mtu aliyekuwa ndani aje aone upande wa nyuma wa kitambaa. Walikuja kwa heshima.

Vipande vidogovidogo vyenye pembe nyingi, kama vya pembe sita, ni rahisi zaidi ukivikunjia juu ya karatasi, ukapiga bandi, ukaunga kingo, kisha ukatoa karatasi. Njia hiyo ni ya zamani sana: tandiko la hariri la Uingereza lenye mwaka 1718 lilishonwa kwa karatasi ndani. Kwa miraba ya kawaida, hata hivyo, karatasi ni kazi ya ziada isiyo na sababu.

Kupanga ndiko kulikonitesa. Watu husema weka viraka ndani ya mfuko, toa bila kuangalia, shona. Sikubaliani. Vikitolewa hivyo, vinajirundika: vyekundu vitatu pamoja, vyeusi kona moja, na jicho linakwenda pale pale kila ukiingia chumbani. Mchanganyiko unaoonekana kama umejitokea wenyewe umepangwa kwa jasho. Tundika blanketi jepesi lenye manyoya ukutani, viraka vitashika bila pini. Vipange, ondoka, rudi kesho. Cha kutazama zaidi ni weupe na weusi wa kitambaa, rangi inafuata baadaye. Piga picha kwa simu, igeuze iwe nyeusi na nyeupe, na utaona kwamba nyekundu na kijani ulizodhani zinagombana ni kijivu kimoja, na kwamba kiraka kimoja cha krimu kinapiga kelele peke yake pembeni. Niligawa viraka vyangu mafungu matatu, hafifu, vya wastani na vilivyokolea, nikahakikisha vilivyokolea vinatembea kwa mshazari kutoka kona hadi kona. Mgeni haoni mstari wowote, lakini jicho linaufuata.

Kuhusu kunyooka, walionitoa wasiwasi ni wanawake wa Gee's Bend, jamii ya Wamarekani weusi kule Alabama. Walishona kwilti kwa nguo za kazi zilizochakaa ili familia zipate joto, mistari ikipinda inapotaka, na pale suruali ilipofifia magotini wakaitumia ile rangi iliyofifia kama sehemu ya mchoro. Mwaka 2002 kwilti zao zilionyeshwa katika Museum of Fine Arts, Houston, kisha Whitney Museum, New York, na mwaka 2006 zikawekwa kwenye stempu za posta za Marekani. Ukishaziona ukutani, zimetundikwa kama picha, unaacha kufumua mshono kwa sababu ya milimita moja. Nilifumua kwa sababu mbili tu: tundu, au kitambaa kilichovutika hadi kikafanya tumbo.

Tumbo ni tatizo la kweli kwa kwilti ya ukutani. Kitandani halionekani, ukutani linaonekana kutoka mlangoni. Kabla ya kuunganisha tabaka, pima upana juu, katikati na chini. Vipimo vikitofautiana, rekebisha sasa.

Kwa pamba ya katikati, ya ukutani iwe nyembamba, ya pamba halisi. Zile nene za polista zinazofura ni tamu kujifunika, lakini zikining'inia zinatuna na kuvimba kama mto. Tandaza nguo ya nyuma sakafuni ikiwa imenyooka, ibandike kingo kwa utepe wa karatasi unaonata, juu yake pamba, juu yake sura. Piga bandi kubwakubwa kuanzia katikati kwenda nje, kama miale. Ukianza pembeni, hewa na mikunjo yote inakukuta katikati huna pa kuipeleka. Kazi hii ya sakafuni ndiyo iliyoniumiza mgongo kuliko miezi ya kushona, na kama una meza mbili za kuunganisha, zitumie. Kisha shona tabaka zote tatu kwa mistari, tena kutoka katikati. Umbali kati ya mistari angalia kwenye pakiti ya pamba. Kila aina ina kikomo chake, na ukikizidisha pamba inakatika na kushuka chini. Kwa inayoning'inia nilibana zaidi ya kikomo kilichoandikwa.

Kama hatua hizi zote zinakukatisha tamaa, kuna njia nyingine ninayoiheshimu sana. Wasidi wa Karnataka, India, watu wenye asili ya Afrika, hushona kwilti ziitwazo kawandi bila kuunga sura kwanza. Huanzia ukingoni mwa nguo ya nyuma, huweka kiraka, hukunja kingo, hushona papo hapo kupenya tabaka zote, na kuendelea kuzunguka kuelekea katikati hadi nafasi iishe. Kiraka na tabaka vinashonwa kwa uzi ule ule. Ndiyo nitakayoijaribu safari ijayo.

Ukimaliza, kunga pindo kwa ukanda wa kitambaa uliokunjwa mara mbili, na urefu wa kila ukanda uufuatishe kipimo cha katikati ya kwilti, usiufuatishe ukingo. Ukingo hudanganya kwa kuwa umeshavutika.

Sasa ukuta. Usipige misumari kwenye kona, usibane kwa vibanio viwili. Uzito wote utaning'inia kwenye ncha mbili, kona zitachongoka, katikati itashuka kama kamba ya nguo, na nyuzi za kona zitaanza kukatika. Kwilti inahitaji mfuko wa fimbo mgongoni, upana mzima. Kata ukanda wa sentimita 22 kwa upana, mfupi kuliko kwilti kwa sentimita 2 au 3 kila upande, ukunge ncha, ushone uwe bomba bapa. Ushone kwa mkono mgongoni, chini kidogo ya pindo la juu, sindano ikichukua nguo ya nyuma na pamba bila kutokea mbele. Kabla ya kushona ukingo wa chini wa bomba, usogeze juu kidogo ili bomba liachie nafasi upande wa nje. Fimbo ikiingia, nafasi hiyo ndiyo itakayobeba unene wake, na mbele ya kwilti haitatokeza mgongo. Bila hiyo utaona mstari wa fimbo ukivuka kwilti nzima na utajiuliza umekosea wapi.

Fimbo ya mbao mbichi hutoa asidi inayochafua kitambaa, kwa hiyo ipake vanishi ikauke kabisa au iviringishie kitambaa cheupe cha pamba. Fimbo ikae kwenye vishikio viwili vilivyo nje kidogo ya kingo, ili kwilti isiguse chuma, na iachane na ukuta kwa kidole kimoja hewa ipite, hasa kama ukuta wa nyuma unapata unyevu. Jikoni usiweke kamwe. Mafuta hupanda na mvuke na hayatoki bila kufua.

Mwanga ndio adui mkubwa, na mkanda wa gauni la mama ulishanisomesha. Makumbusho hushusha taa hadi karibu lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga) kwa vitambaa vya aina hii. Ofisi yenye mwanga wa kawaida huwa na 300 hadi 500. Nyumbani hatuwezi kuishi gizani, lakini tunaweza kuepuka ukuta unaotazamana na dirisha, kufunga pazia saa jua linapoingia moja kwa moja, na kuipumzisha kwilti miezi kadhaa kila mwaka. Uharibifu wa mwanga hujumlishwa na haurudishwi kwa sabuni yoyote. Kwa hiyo yangu inatundikwa sehemu ya mwaka, kisha inaviringishwa kwenye bomba la kadibodi lililofunikwa kitambaa, sura ikiwa nje, na kufungwa kwa shuka la pamba. Plastiki hapana, inafungia unyevu. Kama huna nafasi ya kuviringisha, ikunje, ila kila ukiitoa badilisha mahali pa mkunjo. Vumbi lake naliondoa kwa mashine ya kufyonza iliyowekwa nguvu ya chini, mdomo wake umefunikwa soksi nyembamba ya nailoni.

Wageni wataigusa. Nimekubali. Naomba tu mikono mikavu, na ningeiweka juu zaidi kidogo kama watoto wangekuwa wadogo. Wanaouliza kama nashona za kuuza nawaambia hapana, kwa sababu bei ya haki ya mishono ile hakuna rafiki atakayeitaja bila kucheka.

Kitu cha mwisho ni lebo, na ishone kabla hujaitundika, la sivyo hutairudia. Lile tandiko la Uingereza tunajua umri wake kwa sababu aliyelishona aliweka herufi E na H pamoja na mwaka 1718 kwenye viraka vyenyewe. Yangu ni kipande cha pamba nyeupe kwenye kona ya chini ya mgongo, kimeandikwa kwa wino usiofutika na kupigwa pasi: jina langu, mwaka, nguo zilikotoka na zilikuwa za nani. Chini yake nimeongeza maelezo ya kufua: maji baridi, kwa mkono, isikamuliwe, ianikwe bapa kivulini. Mdogo wangu aliisoma yote, kisha akauliza kama lile gauni bado liko kabatini.